Safari ya Angella Okutoyi Katika Tenisi

Siku matokeo ya mtihani yanapobandikwa ukutani, jambo moja hutokea katika kila shule. Wanafunzi husongamana mbele ya karatasi, na macho yao yote huanza kusoma kutoka juu. Aliye wa kwanza hutajwa na kila kinywa. Wa pili na wa tatu hutajwa na rafiki zao. Lakini aliye wa thelathini na tano hujitafuta mwenyewe, na akiisha kujiona huondoka polepole. Hapana amwulizaye alitembea umbali gani asubuhi ile, wala alisomea taa ya namna gani. Nambari yake imekwisha kusema, na watu hudhani kuwa imesema yote.

Historia nayo imezoea kusoma kutoka juu. Vitabu vyetu vimejaa watu wa kwanza: wa kwanza kufika, wa kwanza kushinda, wa kwanza kutawala. Sisi tukaao Masalani, makao makuu ya Ijara katika Kaunti ya Garissa, karibu na mto Tana, tuna sababu ya kuuliza kama desturi hiyo inatosha. Kwa kuwa upande wetu wa nchi umetajwa mwishoni mwa orodha nyingi, na watoto wetu wamejifunza mapema jinsi orodha iwezavyo kumkata mtu moyo. Basi katika insha hii tutaitazama habari ya msichana mmoja wa Kenya ambaye jina lake halijapata kuwa kileleni mwa orodha ya wachezaji wakubwa wa tenisi duniani, bali limekaa chini, katika mamia. Jina lake ni Angella Okutoyi. Tutauliza nambari yake ina maana gani, imepatikana kwa bei gani, na ni nini isichoweza kutuambia.

Kwanza yafaa tuujue mchezo wenyewe, kwa maana wako wasomaji ambao hawajapata kuona kiwanja chake. Tenisi huchezwa na watu wawili, au wanne wakicheza wawili wawili, wakitenganishwa na wavu. Kila mmoja hushika raketi, na kwa raketi hiyo huupiga mpira mdogo upite juu ya wavu, udunde ndani ya mistari ya upande wa pili. Mchezo wa namna tuujuao leo ulitengenezwa Uingereza katika miaka ya 1870. Mashindano ya Wimbledon, mjini London, yalianza mwaka wa 1877, na wanawake wakaruhusiwa kushindana huko mwaka wa 1884. Siku hizi Wimbledon ni mojawapo ya mashindano makuu manne ya dunia, pamoja na yale ya Australia, Ufaransa na Marekani.

Mchezo huu uliingia Kenya pamoja na utawala wa Waingereza. Viwanja vilijengwa katika vilabu vya maofisa na walowezi, na katika baadhi ya shule zao. Na kwa miaka mingi Mwafrika aliyeingia humo aliingia ili kufagia, kupika, au kuokota mipira. Hata ng'ambo mambo hayakuwa mepesi kwa watu weusi. Mpaka mwaka wa 1956 hakuna mtu mweusi aliyekuwa amepata taji katika mashindano yale makuu. Ndipo Althea Gibson wa Marekani aliposhinda Ufaransa, na mwaka uliofuata akashinda Wimbledon.

Huku kaskazini mwa Kenya mambo yalikuwa ya namna nyingine. Kwa sheria iliyowekwa mwaka wa 1902, wilaya za pembezoni ziliweza kufungwa, na katika nchi za mpakani msafiri hakuingia wala kutoka ila kwa kibali. Baada ya uhuru wa mwaka wa 1963 vita vilizuka, vikadumu hadi mwaka wa 1967. Na sheria za hali ya hatari hazikuondolewa kaskazini mashariki mpaka mwaka wa 1991. Mahali penye historia ya namna hiyo, kituo cha polisi hutangulia kiwanja cha michezo, na lori la askari hutangulia basi la wanafunzi. Hayo hatuyasemi ili kulalamika. Twayasema ili ieleweke kwamba watu hawaanzi mashindano ya dunia mahali pamoja. Mmoja huzaliwa kando ya kiwanja. Mwingine huzaliwa mahali ambapo kiwanja ni jambo la kusimuliwa.

Angella Okutoyi alizaliwa Nairobi tarehe 29 Januari 2004. Alizaliwa pacha, na siku ya furaha ikawa siku ya msiba, kwa kuwa mama yao alifariki katika uzazi ule. Watoto wale wawili, wasichana wote, walilelewa na nyanya yao. Bibi huyo hakuwa tajiri. Alikuwa mfanyakazi wa usafi katika shule ya Loreto Convent Valley Road, na familia ilikaa katika nyumba za wafanyakazi humo humo shuleni. Shule hiyo ilikuwa na viwanja vya tenisi.

Tazama, msomaji, jinsi mambo madogo yanavyogeuza maisha ya mtu. Laiti bibi yule angalipata kazi ya kufagia katika ghala au katika ofisi, pengine tusingaliandika insha hii. Watoto walikua wakisikia mlio wa mpira. Mjomba wao, aliyekuwa akiucheza mchezo huo, aliwatia raketi mkononi wakiwa bado wadogo sana. Angella alikuwa na umri wa miaka minne hivi. Kiwanja kilichojengwa kwa ajili ya wenye uwezo kikawa uga wa kuchezea wa wajukuu wa mfagiaji. Hilo lilikuwa bahati, wala si aibu kulitaja. Bahati ilimfikisha kiwanjani. Kubaki pale, asubuhi baada ya asubuhi, mwaka baada ya mwaka, ilikuwa kazi yake mwenyewe.

Mchezaji wa tenisi hawezi kukua akicheza na watu wale wale wa mtaani kwake. Hana budi kusafiri na kukutana na wanaomshinda, ili ajue kasoro zake. Shirikisho la kimataifa la tenisi lilikuwa na kituo cha kuwafundisha vijana wa Afrika ya Mashariki mjini Bujumbura, Burundi, na Angella alipelekwa huko angali mtoto. Baadaye alikwenda kwenye kituo kikubwa zaidi mjini Casablanca, Moroko. Wanafunzi wa bweni watafahamu vema maana ya maneno haya. Ni kulala mbali na aliyekulea, kula chakula usichokizoea, kusikia lugha usiyoijua, na kuamka alfajiri kwa kengele ya watu wengine. Mtoto aliyekuwa na mlezi mmoja tu duniani alimwacha Nairobi ili akajifunze kuupiga mpira uvuke wavu.

Matunda yalianza kuonekana mwaka wa 2021, aliposhinda ubingwa wa vijana wa Afrika katika mashindano yaliyofanywa Tunisia. Ushindi huo ulimfungulia mlango wa mashindano makuu ya vijana nchini Australia. Mwezi wa Januari 2022, akiwa na umri wa miaka 17, alimshinda Federica Urgesi wa Italia katika raundi ya kwanza. Hapana msichana wa Kenya aliyekuwa ameshinda mchezo hata mmoja katika mashindano makuu ya vijana kabla ya siku hiyo. Akashinda raundi ya pili pia, kisha akatolewa katika raundi ya tatu.

Mwezi wa Julai mwaka ule ule alikwenda Wimbledon. Katika mchezo wa wawili wawili wa wasichana alishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Wasichana hao wawili, mmoja wa Nairobi na mmoja wa Ulaya, walifika fainali, wakapambana na Kayla Cross na Victoria Mboko wa Kanada. Seti ya kwanza waliipoteza kwa 3 kwa 6. Ya pili waliipata kwa 6 kwa 4. Kanuni ya mashindano hayo ilisema kwamba seti ya tatu isichezwe kamili, bali wafike alama kumi, na mshindi awe amezidi kwa alama mbili. Walikwenda sambamba mpaka tisa kwa tisa. Hapo alama mbili tu za mfululizo zingeweza kupeleka taji upande huu au upande ule. Okutoyi na Nijkamp wakazipata alama mbili zilizofuata, wakashinda kwa 11 kwa 9. Kwa mara ya kwanza Mkenya alipata taji la vijana la Wimbledon.

Nchi ilifurahi, na ilistahili kufurahi. Magazeti yalichapa picha yake. Watu ambao hawajui kuhesabu alama za tenisi walilijua jina lake. Wengi walidhani kwamba tangu siku hiyo msichana yule angekuwa mmoja wa wachezaji wakuu wa dunia, kana kwamba mlango wa vijana na mlango wa wakubwa ni mlango mmoja. Lakini si mmoja. Hapa ndipo habari yetu inapoingia katika sehemu yake ngumu, ambayo haikupigwa picha.

Wachezaji wakubwa wanawake wana orodha yao, iliyoanza kutolewa kwa hesabu ya mashine mwaka wa 1975. Orodha hiyo haijui habari ya vijana. Taji la wasichana la Wimbledon halimletei mshindi hata alama moja ndani yake. Anayetoka ujanani huanza upya, kama mwanafunzi aliyekuwa wa kwanza katika shule ya msingi, ambaye akiingia sekondari hukuta darasa zima ni la watu waliokuwa wa kwanza. Na kuna jambo jingine zito zaidi: alama hazidumu. Alama aliyoipata mchezaji leo hufutwa baada ya majuma 52. Wafugaji wa Ijara watalielewa jambo hili bila kufafanuliwa. Maji waliyokunywa ng'ombe mwaka jana hayawafai mwaka huu. Hapana budi kwenda tena kisimani, na safari ya kwenda ni ndefu kama ilivyokuwa. Mchezaji akiugua, au akikosa nauli, jina lake hushuka katika orodha ingawa hajashindwa na mtu yeyote.

Alama hizo hutafutwa wapi? Bingwa wa mashindano makuu hupata alama 2,000, lakini mlango wa huko haufunguki kwa mtu aliye chini. Aliye chini huanza katika mashindano madogo yanayofanywa mwaka mzima katika miji mingi ya dunia. Katika yale ya daraja la chini kabisa, fedha zote za zawadi ni dola 15,000, nazo hugawanywa kwa wachezaji wote kwa kadiri walivyofika. Bingwa wake, akiisha kuwashinda wapinzani watano kwa mfululizo, hupata alama 15. Aliyetolewa siku ya kwanza hapati alama. Lakini nauli ya ndege amekwisha kulipa, na kitanda, na chakula, na visa, na ada ya kutengeneza nyuzi za raketi zilizokatika. Walioko Ulaya waweza kwenda kwa gari moshi kutoka mashindano hata mashindano. Atokaye Afrika ya Mashariki aghalabu huvuka bahari, na ubalozi wakati mwingine humchelewesha kuliko mpinzani.

Basi tunapoona jina katika nafasi ya mia nne au ya mia tano, tusidhani kwamba tunamwona mtu asiyejua mchezo. Duniani kuna mamilioni ya watu wanaocheza tenisi. Aliye wa mia tano kati yao angemshinda kila mtu tumjuaye. Lakini huyu huyu, mshahara wake waweza usitoshe kulipia safari zake. Ni bingwa kwa wanaomtazama kutoka chini, na si kitu kwa wanaomtazama kutoka juu. Hapana kazi nyingi zenye hali ya ajabu kama hiyo.

Angella Okutoyi alichagua njia ambayo wachezaji wengi wasio na fedha huichagua. Mwaka wa 2023 alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, katika jimbo la Alabama, Marekani, ambako vyuo huwasomesha wanamichezo hodari nao huvichezea vyuo hivyo. Huko mtu hupata elimu, kocha, viwanja, na wapinzani wakali. Faida yake ni kubwa: akiumia goti kesho, bado ana kichwa kilichosoma. Lakini kila faida ina bei. Siku za kukichezea chuo na siku za mitihani ni siku zilizotolewa katika kutafuta alama za orodha. Alipokuwa akisoma, wenziwe wa rika lake walikuwa wakizunguka dunia wakiokota alama moja moja. Wasemao kwamba alipaswa kuacha masomo hawakumbuki kwamba alilelewa na mtu mmoja mwenye ufagio, na kwamba aliyekulia hivyo hajengi nyumba yake juu ya nguzo moja.

Katika mwezi wa Machi 2024 Michezo ya Afrika ilifanywa mjini Accra, Ghana. Okutoyi alikwenda kuiwakilisha Kenya, naye akashinda medali ya dhahabu ya wanawake, mmoja mmoja. Alikuwa na umri wa miaka 20. Dhahabu hiyo ilikuwa na zawadi kubwa iliyofichwa ndani yake: bingwa wa Accra alikuwa na njia ya kwenda kucheza tenisi katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka ule ule. Lakini njia hiyo ilikuwa na sharti. Ilimpasa bingwa awe ndani ya nafasi 400 za kwanza katika orodha ya dunia itakapofika tarehe 10 Juni 2024.

Okutoyi alikuwa nje ya mia nne. Alikuwa na majuma yasiyofika kumi na mawili ya kupanda. Sasa nambari, ambayo mpaka hapo ilikuwa habari ya karatasi, ikawa ukuta. Alikuwa amewashinda wanawake wote aliokutana nao Accra, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya dhahabu yake. Lakini dhahabu peke yake haikuvuka ukuta ule. Siku ya mwisho ilifika, naye hakuwa ndani ya idadi iliyotakiwa. Michezo ya Paris ilifunguliwa mwezi wa Julai, na katika wanariadha, waogeleaji na wengine walioiwakilisha Kenya, mchezaji wa tenisi hakuwamo.

Je, sharti lile lilikuwa dhuluma? Wako watakaosema ndiyo upesi, na wako watakaosema la upesi, na wote watakuwa wamekosea kwa upesi wao. Wanaoandaa mashindano wana haki ya kutaka kila anayeingia awe amejipima mara nyingi, wala si mara moja; na orodha, pamoja na kasoro zake, haimpendelei mtu kwa rangi wala kwa jina la baba yake. Inahesabu tu. Lakini inahesabu alama, haihesabu nauli. Haijui kwamba mmoja alipata alama zake akilala nyumbani kwao, na mwingine alizipata akiwa amekopa nauli ya kurudia. Kipimo kinaweza kuwa cha kweli na bado kisiwe kipimo cha kila kitu, kama vile mizani isivyoweza kupima urefu. Tukiidharau mizani tutajidanganya. Tukiitumia kupima urefu tutadanganyika zaidi.

Tumrudie sasa mmoja wa wale aliowashinda Wimbledon. Victoria Mboko ni binti wa wazazi waliotoka Kongo. Alizaliwa Marekani, akakulia Kanada. Siku ya fainali ile alikuwa na miaka 15. Alikuwa na ndugu waliocheza tenisi kabla yake, na alikulia katika nchi yenye kituo cha taifa cha mchezo huo. Mwaka wa 2025 ulipoanza hakuwa hata ndani ya nafasi 300 za kwanza. Mwezi wa Agosti mwaka huo alishinda mashindano makubwa ya Kanada mjini Montreal, akimshinda Naomi Osaka wa Japani katika fainali. Na mwaka ulipokwisha alikuwa ndani ya nafasi 20 za kwanza duniani.

Habari hiyo inafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba wale waliogawana alama 11 kwa 9 siku moja, hawakuachana kwa sababu mmoja alikuwa mwerevu na mwingine mjinga. Wakati ule alama mbili ndizo zilizowatenga. Katika yaliyowaachanisha baadaye kuna kipaji na juhudi za Mboko mwenyewe, ambazo hakuna haki ya kuzipunguza. Lakini mna pia viwanja, makocha, fedha na nchi nzima iliyosimama nyuma ya mtoto. La pili ni kwamba nambari hutaja mahali ulipo leo, haitaji mahali utakapokuwa. Mtu aliyeisoma orodha mwezi wa Januari 2025 angalimwona Mboko katika mamia, akageuza ukurasa.

Hata nchi kubwa zilianza hivyo hivyo. China leo ina wachezaji wanawake wengi wanaojulikana. Mwaka wa 2011 Li Na alishinda Ufaransa, akawa mtu wa kwanza wa Asia kupata taji la mmoja mmoja katika mashindano makuu; na mwaka wa 2024 Zheng Qinwen alichukua dhahabu ya Olimpiki mjini Paris, katika michezo ile ile ambayo Okutoyi aliikosa. Lakini nyuma ya majina hayo mawili walikuwako wengine wengi waliosafiri juma hata juma, wakashindwa katika raundi ya kwanza na ya pili, na majina yao hayakutoka katika mamia. Hao ndio waliocheza na mabingwa walipokuwa bado si mabingwa. Wengine waliorudi nyumbani wakawa makocha. Nyumba haianzi kwa paa. Msingi hukaa ardhini, hauonekani, na hakuna mgeni ausifuye. Lakini uondoe uone.

Kenya nayo imepata kuwa na msingi wa namna hiyo. Paul Wekesa, aliyezaliwa Nairobi, alizunguka dunia akicheza tenisi katika miaka ya 1980 na 1990, na mwaka wa 1995 aliifikia nafasi ya 100 kwa upande wa wanaume. Nafasi ya mia moja si kileleni. Lakini alionyesha kwamba ngazi ile yaweza kukanyagwa na mguu wa Mkenya. Kati ya mwaka ule na ushindi wa Wimbledon ya vijana ilipita miaka 27. Muda mrefu kama huo hauonyeshi kwamba vipaji vilikauka. Waonyesha kwamba kipaji kimoja kikiisha kupanda, ngazi iliondolewa.

Basi sisi wa Masalani tuchukue nini katika habari hii? Hatusemi kwamba kila msichana wa Ijara atupe vitabu vyake akatafute raketi. Michezo tuliyo nayo ni mingine, na mchana wetu una joto ambalo Wimbledon haijapata kulijua. Lakini kila mmoja wetu ana kiwanja chake, iwe ni hesabu, au uuguzi, au uhandisi, au uandishi, ambacho wengine walizaliwa kando yake na yeye hana budi kukifuata mbali. Msichana wa hapa anayefika chuo kikuu akawa wa katikati katika darasa lake, amepita njia ambayo cheti chake hakiiandiki: siku za ukame ambazo mifugo ilikufa na ada ikakosekana, siku za mafuriko ambazo Tana ulifurika na barabara ikakatika, na maneno ya jirani waliouliza kwa nini hajaolewa. Cheti kitasema ni wa ngapi. Hakitasema alitoka wapi.

Walakini tusifanye safari yetu ndefu kuwa udhuru. Okutoyi hakupewa alama hata moja kwa sababu ya msiba wa kuzaliwa kwake au ufagio wa nyanya yake. Mpira haujui habari hizo. Kila alama aliipata kwa kumshinda mtu aliyesimama mbele yake, naye alipofungiwa mlango wa Paris hakuweza kuupita kwa kusimulia maisha yake. Huu ndio ukweli wenye pande mbili, na mwanafunzi mzima ni yule awezaye kuzishika zote mbili kwa wakati mmoja: kutaka kwa watawala viwanja, barabara na walimu, bila kunyamaza, na wakati huo huo kuamka alfajiri kujizoeza katika uwanja wa mchanga alio nao.

Mpaka hapa tumemfuata mtu ambaye jina lake halikuandikwa juu. Tumeona kwamba nambari yake si ya uongo, na kwamba si yake yote. Siku nyingine matokeo yatakapobandikwa ukutani, aliye wa kwanza na ashangiliwe, maana amestahili. Lakini ikiwa utamwona mwenzio amesimama peke yake, amejipata chini ya karatasi, usimpite. Mwulize ametoka umbali gani. Pengine utagundua kwamba katika watu wote waliosimama mbele ya ukuta ule, yeye ndiye aliyekwenda mbali zaidi.